Namna ya Kuandaa Usiku wa Zilipendwa za Tekno

Mwenye nia ya kuwakusanya sebuleni kwake watu waliocheza tekno, yaani muziki wa dansi wa mashine za umeme uliozaliwa Detroit, Marekani, wakiwa vijana, ambao leo wengi wao wamefika miaka hamsini na zaidi, ajiandae mapema kwa ubishi, na ubishi wenyewe hautahusu nyimbo bali mwaka. Mmoja atashikilia kwamba muziki huu ulikwisha 1989, wa pili atasema ndipo kwanza ulipoanza, na wa tatu hataki kusikia chochote kilichotoka kabla ya 1994. Ukiwadadisi taratibu utagundua kwamba kila mmoja anautetea mwaka ule alioingia klabu kwa mara ya kwanza. Ubishi huo hauna mwamuzi, na mwenyeji asijitie kuuamua. Kazi yake ni kupanga santuri kwa mfuatano wa miaka, ili kila mgeni afikiwe na zamu yake.

Weka mipaka kabla ya kualika. Mimi huanzia 1985, mwaka ambao Juan Atkins alianzisha Metroplex, lebo yake ya kutolea santuri, mjini Detroit na kutoa santuri kwa jina la Model 500, na huishia 1996. Sisemi kwamba baada ya hapo hapakutoka kitu kizuri, ila usiku mmoja haubebi zaidi ya miaka kumi na miwili. Mwambie kila mgeni alete santuri moja tu, akiwa na ruhusa ya kuizungumzia kwa dakika mbili kabla haijapigwa. Ukiruhusu mbili, wataleta kumi.

Usifungue kwa tekno. Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walifahamiana wakiwa wanafunzi huko Belleville, mji mdogo ulio nje ya Detroit, na masikio yao yalifunzwa usiku na mtangazaji wa redio aliyejulikana kwa jina la The Electrifying Mojo, ambaye hakuona taabu kupiga nyimbo za kundi la Kraftwerk la Ujerumani na kisha kuzifuatisha na za Parliament au Prince wa Marekani. Robo saa ya mchanganyiko wa namna hiyo, wakati wageni bado wanavua makoti na kusalimiana, itafanya kazi ambayo hotuba yako haitaifanya. Baada ya hapo ingia kwa Model 500, ambaye mdundo wake bado una ukavu wa mashine na nafasi nyingi kati ya sauti moja na nyingine.

Ukifika 1987 utakutana na mtego. Kibao cha Derrick May kiitwacho "Strings of Life", alichokitoa kwa jina la Rhythim Is Rhythim, hakina mstari wa besi. Kinasukumwa na piano, sauti za ala za nyuzi zilizotengenezwa kwa mashine, na ngoma peke yake. Daima atatokea mgeni atakayedhani spika zako zina kasoro, naye atainuka kwenda kukizungusha kitufe cha besi. Mzuie kwa upole, kwa sababu kibao kitakachofuata kitakuwa na besi yake kamili na majirani watagonga ukuta. Tena kibao hicho kina matoleo mengi, yakiwemo ya baadaye yaliyowekewa mwimbaji, kwa hiyo anayetumia faili badala ya santuri asome vizuri jina la toleo na mwaka wake kabla ya wageni kufika.

Mwaka 1988 ndio unaofaa kwa mapumziko na mazungumzo, kwani ndipo muziki huu ulipopata jina mbele ya dunia. Mkusanyiko wa nyimbo za Detroit uliotolewa Uingereza mwaka huo ulikuwa uitwe kwa jina la hausi, muziki wa Chicago, hadi Atkins alipoleta wimbo wake wenye neno tekno ndani ya jina, na jalada likabadilishwa. Kuhusu Inner City, kundi la Saunderson na mwimbaji Paris Grey, wapo wazee wa tekno wanaokunja uso kwa sababu nyimbo zake zinaimbika na zilipanda chati. Zipige tu. Wanaokunja uso ndio watakaokuwa wa kwanza kuitikia kiitikio. Na ukiona vinywaji vimepungua, wakumbushe kwamba Music Institute, klabu ya Detroit ambayo wengi huitaja kwa majonzi, haikuuza pombe.

Kisha zima taa. Ukuta wa Berlin ulianguka tarehe 9 Novemba 1989, na upande wa mashariki ukabaki na majengo matupu ambayo mwenyewe hakujulikana. Machi 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa katika hazina ya chini ya ardhi ya lililokuwa duka kubwa la Wertheim, chumba chenye nondo na visanduku vya kuhifadhia fedha vilivyoshikwa na kutu. Santuri ya kwanza ya lebo ya klabu hiyo, X-101, haikutengenezwa na Wajerumani bali na Underground Resistance wa Detroit, yaani Mike Banks, Jeff Mills na Robert Hood. Ipige gizani, uache taa moja ndogo kwenye mashine za santuri ili uone unachofanya. Mashine ya moshi haifai sebuleni, hata mgeni akiileta kwa mapenzi.

Jambo la kasi lataka uangalifu kuliko yote. Santuri nyingi za tekno ni za inchi 12, lakini nyingine huzungushwa kwa kasi ya 33, yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na nyingine kwa 45, na karatasi ya katikati aghalabu haisemi. Niliwahi kuweka santuri ya 45 kwa kasi ya 33 mbele ya watu kumi na wawili, na kwa dakika tatu nzima wakawa wanatikisa vichwa wakisifu uzito na kina chake, mpaka mmoja aliyekuwa jikoni akichukua barafu alipopaza sauti kuuliza nani amemlaza ng'ombe. Tangu siku hiyo huandika kasi kwa penseli juu ya kila jalada.

Akija kijana ambaye hakuwahi kuwapo, usimpe historia. Mpe kazi ya masikio. Mwambie afuate matoazi peke yake kwa dakika nne, bila kujali kitu kingine, na atasikia yanavyofunguka na kufungwa wakati ngoma kubwa haibadiliki. Sauti hizo nyingi zilitoka kwenye mashine ya ngoma ya Roland TR-909, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi karibu 1985 kwa idadi ya takriban 10,000. Sokoni haikufua dafu, ikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, ambako kijana asiye na fedha nyingi aliweza kuinunua. Kama kijana wako amekulia singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mvumilie akiuliza wimbo unaanza lini.

Wa kufungia usiku ninaye mmoja tu. Katika santuri yake ya 1994 iitwayo "Cycle 30", Jeff Mills aliweka mifereji iliyofungwa, ambayo sindano ikiingia haitoki, inazunguka palepale. Kwa kasi ya 33, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, na mapigo manne yakiingia humo kasi ya muziki huwa takriban 133 kwa dakika, ambayo ni kasi ya tekno hasa. Hapo hakuna tena mwaka wa kubishania. Washa taa ya ukumbini, acha sindano izunguke, na uanze kukusanya bilauri, huku waliochoka wakitafuta viatu vyao na wasiochoka wakicheza. Usizidishe dakika kumi, kwa maana ni mizunguko zaidi ya 300 na sindano huula mfereji. Kwangu, anayebaki wa mwisho ndiye huinyanyua.