Namna ya Kunufaika na Mafunzo kwa Vitendo katika Kampuni ya Ushauri wa Biashara Dodoma

Mwanafunzi wa biashara anayepokelewa katika kampuni ya ushauri kwa mafunzo ya vitendo hupewa kwanza kazi za pembeni: kupanga miadi, kuingiza majibu ya hojaji kwenye kompyuta, kurekebisha slaidi. Kazi hizo hazikwepeki wala si za kudharauliwa, lakini anayeishia hapo huondoka na barua ya uthibitisho na si zaidi. Kwa maoni yangu, njia yenye faida kubwa ni kushika swali moja dogo la mteja na kulifuatilia mpaka ripoti ya mwisho.

Juma la kwanza, omba kusoma hadidu za rejea za kazi inayoendelea, yaani maandishi yanayoeleza mteja anataka nini kifanywe. Tuseme mteja ni mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, naye anataka kujua kwa nini mashine zake hukaa bila kazi sehemu ya mwaka. Washauri wazoefu watashughulikia mkopo na soko la mafuta. Wewe omba suala la malighafi, yaani alizeti inatoka wapi, nani anaileta, na huanza kuadimika mwezi gani. Ombi hilo liandike kwa aya moja inayoonyesha takwimu utazipata wapi na utamaliza lini, kwani msimamizi mwenye shughuli nyingi hukubali upesi jambo lililokwisha kupangwa.

Ugumu uko kwenye takwimu zenyewe. Mkulima akikuambia aliuza magunia 40, nawe ukazidisha idadi hiyo kwa uzito uliousoma kwenye ripoti fulani, hesabu imeharibika kabla hujaanza, kwa sababu gunia la kawaida na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, havilingani, ingawa ufungashaji wa lumbesa umepigwa marufuku. Uliza kama mzigo ulipimwa kwa mizani au kwa debe, na mizani ilikuwa ya nani. Kisha linganisha majibu na daftari la mapokezi la kiwanda, na umhoji karani wa mizani kabla ya kumhoji meneja, maana karani ndiye anayeyaona magari yakiingia. Alizeti ikikamuliwa hutoa mafuta na mashudu, yaani makapi yanayobaki, na mashudu nayo huuzwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Jumlisha uzito wa vyote viwili: ukipungua sana kuliko uzito wa mbegu zilizopokelewa, hata baada ya kuondoa maganda na upotevu wa kawaida, basi ama daftari limeandikwa vibaya au kuna bidhaa inayotoka bila risiti. Ugunduzi wa namna hiyo ueleze kwa msimamizi wako faraghani, usiutoe kikaoni mbele ya mteja.

Ukienda vijijini, iwe Kongwa au Bahi, anzia kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua ya utambulisho, kwa sababu mgeni anayeuliza mapato ya watu bila barua hudhaniwa kuwa ametumwa na watu wa kodi. Salimia kwanza, wazee uwape shikamoo yao, na hojaji ibaki mkobani mpaka mazungumzo yakolee. Kwa upande wa mjini, kumbuka kwamba kuanzia Aprili hadi Juni Bunge la bajeti huwa limekaa, na maofisa wa wizara ni vigumu kupatikana; miadi nao iombwe mapema.

Taarifa za mteja zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa utani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na majina na namba za simu za wakulima waliojibu hojaji yako yanahusika moja kwa moja. Pata kibali cha maandishi kinachoeleza nini kinaweza kuingia katika ripoti ya chuo.

Ripoti ikikaribia, omba uwasilishe mwenyewe sehemu yako, hata kama ni ukurasa mmoja. Swali utakaloulizwa karibu kila mara ni namba hiyo umeitoa wapi, kwa hiyo kila takwimu katika jedwali lako iwe na tarehe, jina la daftari na ukurasa wake. Jedwali hilo mkabidhi msimamizi kabla ya kuondoka, na umwombe barua yake ya mapendekezo itaje swali ulilolishughulikia na matokeo yake, kwa sababu barua inayosema tu kwamba ulikuwa na nidhamu haimwelezi mwajiri unachoweza kufanya.