Kabla ya kuchomelea bodi la meli: mambo ya kuhakikisha

Michoro iliyoidhinishwa na utaratibu wa uchomeleaji viwe karakanani, si ofisini. Fundi awe na cheti cha mkao ule ule wa kazi. Aliyefaulu kuchomelea bamba lililolala huenda asiweze mshono wa juu ya kichwa. Linganisha namba zilizogongwa kwenye bamba na cheti cha kiwanda. Piga grinda hadi kutu, mafuta na rangi viishe. Pima mwanya kati ya mabamba mapema, maana ukishafunikwa huuoni tena.

Sasa vijiti vya kuchomelea. Hapa nisikilize vizuri. Ganda la kijiti cha aina iitwayo 7018 hufyonza unyevu, na pwani hewa yenyewe ni maji. Tulikuwa tunabadilisha mabamba mazito ya sitaha ya tishari. Paketi ilifunguliwa jioni ikalala wazi. Asubuhi niliiona, nikanyamaza kwa kuwa kazi ilikuwa imechelewa. Mishono ilitoka laini, tukaipima alasiri ile ile kwa mawimbi ya sauti, ikafaulu, rangi ikapakwa. Siku ya tatu mlinzi akaniita: mstari mwembamba umejichora kando ya mshono. Tulipokwangua rangi tukakuta ufa, na mishono ya jirani nayo ilikuwa imepasuka. Unyevu ndani ya moto ule hutoa hidrojeni. Hidrojeni huzama katika chuma, na sehemu iliyogeuka ngumu kando ya mshono hupasuka saa nyingi baada ya kupoa. Tulichimbua na kuchomelea upya kwa wiki mbili. Kunyamaza kwangu bado kunaniuma.

Kwa hiyo vijiti vikaushwe kwenye oveni kwa joto aliloandika mtengenezaji, mara nyingi karibu nyuzi 350 za Selsiasi, na fundi achukue vichache katika chombo chenye joto. Bamba nene lipashwe moto kwanza. Upimaji wa mwisho usubiri saa 48, hata mwenye meli akipiga simu kila saa.

Ufa usiuonee huruma. Januari 1943 huko Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia. Chuma dhaifu na mishono mibovu vilihusika.

Mishono isivuje: chaki upande mmoja, mafuta ya taa upande wa pili, subiri uone doa. Ndani ya tangi weka feni na mtu wa kuangalia mlangoni. Mvua ikianza, simamisha. Upepo ukipita chini ya turubai, simamisha pia. Fundi akisinzia, mpumzishe.