Kuongoza bendi ya mashabiki kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani

Mashindano ya Machi ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani) huruhusu wapigaji 29 tu, hivyo zoeeni idadi hiyo mapema: tarumbeta 9, tromboni 6, saksafoni 6, tuba 3, klarineti 3, gitaa la besi na dramu.

Kupiga muziki mpira ukiwa mchezoni ni marufuku. Mpe mtu mmoja kazi ya kutazama saa na refa, asishike ala yoyote. Kwa wanaume, mapumziko ya televisheni (ya matangazo) huja mchezo unaposimama baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi; hapo wimbo mrefu unatosha. Mapumziko ya sekunde 30 yanataka kipande cha sekunde 20. Wekeni alama za kukatia wimbo kila baada ya mistari michache. Kiongozi akikunja ngumi, wote wanyamaze pamoja. Msipofanya mazoezi ya kukata, tarumbeta mbili zitabaki zikilia huku mpira umesharudi mchezoni, na hilo linaudhi kweli.

Mpinzani akienda kwenye mitupo huru, ala chini: pigeni kelele kwa midomo na mikono. Wenu akitupa, kimya kabisa.