Tundika mapazia kwanza, ndipo ufungue boksi la CD

Ukihamia nyumba mpya ukakutana na lile boksi la CD za zamani, usiuhukumu muziki siku ya kwanza. Chumba kitupu kina mwangwi: sauti inagonga ukuta na sakafu, inarudi. Niliweka Doolittle (1989), albamu ya Pixies, bendi ya roki ya Marekani, nikadhani masikio yangu yamezeeka. Ule mtindo wao wa kwenda taratibu kisha magitaa kulipuka ghafla ulikuwa kelele tupu. Nikatandika zulia, nikatundika mapazia mazito, nikaziondoa spika kwenye kona, maana konani besi huvimba. Loo! Gitaa la besi la Kim Deal, mpiga besi wa Pixies, likasikika noti kwa noti. Albamu nzima ni dakika 38 hivi, zinatosha kupanga vyombo vya jikoni. Kazi ya kupanga kabati la nguo nimeiwekea CD ya R.E.M., bendi nyingine ya roki ya Marekani.