Mshubiri kwenye Roshani: Kuupanda na Kutumia Ute Wake

Mishubiri mingi ya Nairobi, ambako wengi huiita alovera, hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Udongo mweusi wa Embakasi hushika maji siku nyingi, na mizizi ikikaa majini huoza. Changanya makopo mawili ya udongo mwekundu, moja la mchanga na moja la kokoto ndogo. Samadi iliyooza iwe konzi moja tu. Chombo cha upana wa sentimita 20 kinatosha, hata ndoo kuukuu, mradi kitobolewe chini.

Mwenye mshubiri mkubwa hakosi machipukizi ya kugawa. Omba lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na mizizi yake. Likate kwa kisu safi, liache kivulini siku tatu kidonda kikauke, kisha lipande bila kufukia moyo wa majani. Wiki ya kwanza usilimwagilie. Baadaye, chomeka kidole udongoni kila unapotaka kumwagilia. Ukigusa unyevu, acha. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, sogeza chombo chini ya paa. Mche uliozoea kivuli uzoeshe jua polepole, la sivyo majani hubabuka na kuwa ya kahawia.

Subiri majani yanenepe na kufikia sentimita 30 hivi. Vuna ya nje, ya chini kabisa, mawili au matatu kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo watu hukosea. Jani likikatwa hutoa utomvu wa manjano, mchungu, wenye harufu kali. Huo si ute. Ukimezwa huendesha tumbo vibaya, na ngozini huweza kuwasha. Simamisha jani kwenye kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15 hivi. Lioshe, kata miiba ya pembeni, menya ganda, kisha suuza ute mweupe hadi umanjano uishe.

Jaribu kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima. Kwa kuungua kidogo jikoni, tangulia kupoza ngozi kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo upake. Malengelenge makubwa au kidonda kirefu ni kazi ya hospitali. Juisi ya nyumbani hatuishauri, na mjamzito, anayenyonyesha au mtoto asinywe kabisa.

Ute uliobaki weka kwenye friji; ukibadilika rangi, tupa.