Kuunda kichwa cha rota ya Huey kwa mkono katika skeli ya 1:48

Anayetazama modeli ya helikopta huanza na mapanga, kisha jicho lake hushuka hadi pale yanapokutana na mlingoti, yaani mhimili wima unaoyazungusha, na hapo ndipo modeli nyingi za plastiki huumbuka. Kiwandani, vijiti na viungo vya sehemu hiyo hulazimika kumiminwa vikiwa vipande vichache vinene ili vitoke kwenye kalibu bila kuvunjika, na matokeo yake ni kichwa cha rota kinachofanana na kigogo kuliko mtambo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuviweka kando vipande hivyo na kuunda vyako. Nimechagua UH-1H ya Marekani, ile inayojulikana kwa jina la Huey, kwa sababu mtambo wake umekaa wazi juu ya paa na picha zake ni nyingi, zikiwemo za ile iliyohifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian katika kituo cha Udvar-Hazy, Virginia.

Kabla ya kushika wembe, elewa kila kijiti kina kazi gani. Mapanga mawili ya Huey yamefungwa kwenye kitovu kimoja kinachocheza juu ya mlingoti kama bembea ya ubao, kiasi kwamba ncha moja ikishuka nyingine hupanda. Chini kwenye mlingoti kuna sahani mbili: moja haizunguki na hupokea amri za rubani, nyingine huzunguka pamoja na mlingoti na kuzipeleka amri hizo juu. Halafu ipo fimbo ya uthabiti, yenye uzito kila mwisho, inayokatiza mapanga kwa pembe ya nyuzi 90. Mwendo wake huchanganywa na amri za rubani kabla ya kufika kwenye mikono inayogeuza mapanga. Ukiijua njia hiyo kutoka chini hadi juu, hutabandika kijiti kisichoelekea popote, kosa ambalo nimeliona hata kwenye modeli zilizopakwa rangi kwa ustadi mkubwa.

Vipimo hupatikana kwa hesabu ndogo. Kipenyo cha rota ya UH-1H ni mita 14.63, ambacho katika skeli hii ya 1:48, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 48, ni sentimita 30.5, na upana wa panga ni sentimita 53.3, yaani milimita 11.1 kwenye modeli. Upana huo ndio rula yako ndani ya picha. Chukua picha iliyopigwa kwa mbali, ambamo panga na kijiti viko karibu umbali uleule kutoka kwa kamera, na panga linaonekana kwa upana wake wote. Tuseme upana wa panga ni milimita 42 kwenye picha na unene wa kijiti ni milimita 2: kijiti halisi kina takribani milimita 25, na ukigawa kwa 48 unapata zaidi kidogo ya nusu milimita.

Nusu milimita ndiyo unene wa sindano ya hospitali ya namba 25, na hakuna kitu bora kuliko hicho kwa vijiti. Nunua mpya zilizofungwa dukani kwa dawa, ukate ncha kali kwanza na kuitupa mahali salama. Usiikate kwa koleo, kwa maana koleo huibana na kuziba tundu. Ilaze juu ya ubao mgumu, uiviringishe chini ya makali ya tupa ndogo hadi mfereji uizunguke pande zote, kisha uivunje kwa vidole. Vaa miwani. Tundu lake lina takribani robo milimita, na hilo ndilo litakalokupa viungo vya mwisho: toa uzi mmoja wa shaba, wa kama milimita 0.1, kutoka kwenye waya wa chaja iliyokufa, uuzungushe kwenye pini nyembamba, usokote mikia yake miwili pamoja, kisha uichomeke mikia hiyo ndani ya sindano kwa tone la supagluu. Unabaki na kijiti chenye jicho mwishoni, kama kilivyo kile halisi.

Sahani hukatwa kutoka kwenye shiti ya plastiki ya nusu milimita kwa kitobo cha ngozi cha fundi viatu. Tatizo ni kulipata tundu la katikati palepale katikati, na mimi nimeacha kuhangaika nalo: toboa unavyoweza, ivishe sahani kwenye kipande cha waya kinachobana, ufunge waya huo kwenye keke ya umeme kwa mwendo wa polepole, kisha uguse ukingo kwa msasa laini hadi uache kuyumba. Uzito wa fimbo ya uthabiti huchongwa kwa mtindo huohuo.

Boliti zenye vichwa hutokana na mabaki ya fremu ya plastiki, ile inayoshikilia vipande vya modeli ndani ya boksi. Pasha kijiti cha fremu juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, kikilegea kiondoe na ukivute taratibu hadi kiwe uzi. Kata uzi huo, kisha sogeza ncha yake karibu na moto kwa sekunde moja, nayo itajikunja kuwa kichwa cha mviringo. Kumbuka kwamba milimita 0.1 hapa ni karibu milimita 5 za helikopta yenyewe, kwa hiyo boliti iliyo ndogo kuliko milimita 0.2 mimi siihangaikii, isipokuwa zikiwa safu nzima.

Unganisha kila kitu kikavu kwanza, bila gundi, ukianza chini. Mara yangu ya kwanza nilibandika vijiti vyote kwenye kitovu, nikasimama kujipongeza, ndipo nikaiona sahani imebaki mezani wakati mlingoti umeshazibwa juu na chini. Supagluu ni ya chuma. Plastiki kwa plastiki tumia gundi ya maji inayoyeyusha plastiki yenyewe, kwa ncha ya brashi tu, kwa kuwa shiti nyembamba hulainika na kupinda ikilowa.

Osha mafuta ya vidole kwa sabuni, upake praima nyembamba, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe. Ikiwa Huey yako imeegeshwa, kata ukanda mwembamba wa utepe wa karatasi na ulifunge panga la nyuma kwenye mkia, kama wafanyavyo wahudumu wa ndege. Lakini kwa kuwa kitovu kinacheza, panga la mbele lazima liinuke kwa kiasi kilekile ambacho la nyuma limeshushwa, kwa hiyo kigandishe kitovu kwenye mlingoti baada ya kufunga ukanda huo, si kabla.