Pima tumbo la avata kabla ya kulipa

Mkulima wa Mbarali akipeleka mpunga kwenye stakabadhi ghalani, karatasi anayorudi nayo ina thamani kwa sababu magunia yapo ghalani. Avata, yaani vizimwi wa kuchorwa wa Aavegotchi, mchezo ulioanza kwenye mtandao wa sarafu za kidijitali wa Polygon mwaka 2021, walijengwa kwa mantiki hiyohiyo. Kila kizimwi aliundwa kuwa NFT, yaani mali ya kidijitali isiyo na pacha, yenye anwani yake ya kuhifadhia dhamana, na dhamana hiyo ikiwa tokeni (sarafu za kidijitali) za jukwaa la mikopo la Aave zinazojiongezea riba, kwa mfano aDAI.

Kwa hiyo kuna bei mbili: ya sokoni, inayopanda na kushuka kwa mavazi, sifa na mihemko ya wanunuzi, na ya tumboni, yaani tokeni zilizofungiwa ndani. Wageni wengi huangalia ya kwanza tu.

Andaa waleti, yaani pochi ya sarafu za kidijitali, kama MetaMask. Maneno 12 ya siri yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, usiyapige picha wala kuyatuma WhatsApp. Hakikisha kwenye tovuti rasmi mchezo uko mtandao gani sasa, kwa sababu sarafu ya ada ya gesi, yaani malipo ya kila muamala, hutofautiana mtandao kwa mtandao. Nunua dola za kidijitali kidogo kwanza, ujaribu kutuma kiasi kidogo, ndipo utume zilizobaki. Ukituma kwenye mtandao usio sahihi, hakuna wakala wa kukurudishia muamala.

Sasa tumbo. Chukua anwani ya dhamana ya avata huyo, ibandike kwenye Polygonscan, tovuti ya kusomea miamala na salio, au kitazamio kama hicho cha mtandao husika, usome salio la tokeni. Fanya hivyo dakika ileile unayonunua, si jana yake: mwenye avata anaruhusiwa kupunguza dhamana mpaka kiwango cha chini kilichowekwa, kwa hiyo picha ya skrini ya muuzaji haithibitishi kitu. Ukikuta salio tupu, unanunua picha na sifa zake tu. Lipa kwa hesabu hiyo. Angalia pia aina ya tokeni. Dhamana ya ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum, hupanda na kushuka na ETH, ya aDAI hukaa karibu na dola.

Ukianza na lango, yaani NFT ya mchezo ambamo avata hutoka, badala ya avata aliye tayari, likifunguka hukupa vizimwi 10, uchague mmoja na kumwekea dhamana ya kiwango chake. Baadaye unaweza kumwongezea. Ukitaka kuitoa yote, lazima umwangamize avata. Dhamana hurudi, yeye hafufuki.

Hapo ndipo mkopo wa kumweka avata rehani unapohitaji kichwa kilichotulia. Kwenye jukwaa la mikopo ya NFT, avata hufungiwa mpaka ulipe, na mkopeshaji humchukua siku ikipita. Tuseme sokoni anauzwa dola 150 na tumboni ana dola 40, kiwango cha chini kikiwa 25. Kabla ya kuomba mkopo wowote, toa zile 15 za ziada: ni zako, hazina riba, unalipa gesi tu. Anayekupa mkopo wa dola 20 kwa avata huyo anakuombea ushindwe kulipa, maana akibaki naye atamwangamiza na kupata 25. Mkopo wa dola 60 una maana kwako, ila soma jumla ya marejesho, si asilimia peke yake. Kukopa 60 na kurudisha 66 kwa siku 30 ni asilimia 10 kwa mwezi, mzigo ambao kikundi chochote cha VICOBA kingeujadili kwanza.

Muda wa mwisho wa kulipa huenda ukaonyeshwa kwa UTC, saa za kimataifa. Saa sita usiku ya UTC ni saa tisa usiku Mbeya. Lipa siku moja mapema, hasa msimu wa mvua ambapo umeme na mtandao hukatika pamoja. Avata akiwa rehani huwezi kumbembeleza kila saa 12 kama mchezo unavyotaka, hivyo ukaribu wake nawe hushuka.

Ukimaliza, futa ruhusa za kugusa mali zako ulizoipa mikataba erevu, yaani programu zinazojiendesha kwenye mtandao huo, kwa sababu ruhusa iliyosahaulika ndiyo mlango wa wezi. Na weka kumbukumbu za kila uuzaji: Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.